Ugonjwa Ukitangazwa, Duka Liendeshe Hivi

Haya ni maelekezo kwa mwenye duka la mtaa, si kwa supamaketi. Supamaketi ina mlinzi mlangoni, ina kamera, na ina meneja wa kulaumiwa. Wewe una dirisha la nondo, mizani, daftari la madeni na wateja wanaokujua mpaka jina la marehemu nyanya yako. Mimi duka langu liko Likoni, Mombasa, ng'ambo ya kivuko, na mengi ya hapa niliyajua Machi 2020 korona ilipoingia Kenya. Nimeona niyaandike kwa sababu mpox, ule ugonjwa wa homa ya nyani, ilipotangazwa Taita Taveta mwisho wa Julai 2024, mteja wangu wa kwanza asubuhi yake hakuuliza dalili. Aliuliza, "Shangazi, unga upo?"

Unga ulikuwapo. Kazi ya mwenye duka ni kujua utakuwapo mpaka saa ngapi, na kwa nani.

Jua nani anakuja saa ngapi

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa na Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, Ijumaa tarehe 13 Machi 2020. Siku hiyo hiyo watu walijaa kwenye supamaketi za Nairobi, na picha za foleni zikatufikia Mombasa kwa simu kabla hata hatujamaliza kuulizana korona yenyewe ni nini. Jumapili Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe, na wanafunzi wa bweni wawe wamefika kwao ifikapo Jumatano. Mwisho wa mwezi ikaja kafyu. Ukiitazama wiki ile ya kwanza kutoka nyuma ya kaunta, wanunuzi walikuwa wa aina tatu.

Kuna wa asubuhi. Huyu ana mshahara na ana gari, na anataka beli nzima ya unga. Usimchukie. Ameona picha, ana watoto, na ana pesa mkononi, basi afanye nini? Kuna mzazi ambaye watoto wake wa bweni wamerudishwa ghafla na hakuwa amewapangia chakula. Huyu anaweza kununua mara tatu ya kawaida yake na isiwe hofu hata chembe, ni chakula cha mchana tu. Usimsomee hotuba.

Halafu kuna wa jioni. Mpagazi wa kivukoni, mama anayefua nguo kwenye nyumba za watu, kijana wa mjengo. Analipwa jua likizama, anapita kwako na kununua unga wa kupima nusu kilo, mafuta ya shilingi ishirini na kipande cha sabuni. Hana uwezo wa kuweka akiba maana hela ya kesho bado hajaifanyia kazi. Ndiye anayelilisha duka lako mwaka mzima, na ndiye atakayekuta rafu tupu. Kila ninachokueleza kuanzia hapa kina shabaha moja: huyu wa jioni akute unga.

Rafu humalizwa na watu wa kawaida

Watu hupenda kusema bidhaa zilimalizwa na walafi. Walafi wapo. Kule Tennessee, Marekani, ndugu wawili walizunguka madukani Machi ile ile wakakusanya chupa 17,700 za sanitaiza ili waziuze kwenye mtandao kwa bei ya kuruka, mtandao ukawafungia, serikali ya jimbo ikaanza kuwachunguza, na mwisho wakazitoa bure. Lakini mtaani kwako hakuna mwenye stoo ya namna hiyo.

Fanya hesabu hii kwenye karatasi yako mwenyewe. Una nyumba 90, na kila nyumba hununua pakiti moja ya kilo mbili kila baada ya siku tatu. Kwa siku unauza pakiti 30. Una beli tano, yaani pakiti 60, kwa hiyo umetulia kwa siku mbili. Habari inatangazwa, na nyumba zote 90 zinakuja siku moja, kila moja ikinunua pakiti moja tu ya tahadhari. Unatakiwa pakiti 90 na unazo 60. Saa tisa alasiri umekwisha, na hakuna hata mtu mmoja aliyerundika. Wanaofuata wanaona rafu tupu, wanapiga picha, na wale waliokuwa na pakiti moja nyumbani wanatoka tena kuitafuta ya pili.

Hesabu hiyo ina mambo mawili ndani yake. La kwanza, rafu tupu ndiyo inayoleta watu kuliko tangazo la waziri. La pili wenye maduka wengi hulisahau: tumbo la mtu halijakua. Unga uliouza leo kwa fujo umeukopa kwenye mauzo ya wiki ijayo. Hilo likae kichwani utakapompigia simu tajiri wako wa jumla.

Kabla hujafungua dirisha

Kwanza, fungua. Kuna waliofunga siku mbili tatu "mpaka mambo yatulie". Duka lililofungwa siku kama hiyo ni tangazo kwa mtaa mzima kwamba vitu vimekwisha, na wateja wako wataenda kujaa kwa jirani.

Pili, tenga cha jioni. Chukua theluthi ya unga, sukari, mchele, mafuta na sabuni, weka nyuma, na usiguse mpaka saa kumi. Hapa wenzangu huogopa kuitwa wafichaji. Kuficha ni kumwambia mtu hakuna wakati kipo, ukingoja bei ipande. Kutenga unakutangaza. Mimi niliandika kwenye boksi la katoni kwa kalamu nene: UNGA WA JIONI UPO, KUANZIA SAA KUMI, BEI ILE ILE. Lile boksi lilifanya kazi kuliko maneno yangu yote, kwa sababu hata mnunuzi wa asubuhi alilisoma akajua unga hauishi leo.

Tatu, pima mapema, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Foleni ya duka la mtaa haikwami kwenye pesa, hukwama kwenye mizani. Kila anayetaka robo sukari anasimama akingoja uchote, upime, upunguze, uongeze, ufunge. Wakija watu kumi hivyo, tayari una msongamano dirishani, na msongamano ndicho kitu ugonjwa unachokitaka. Kwa hiyo usiku au alfajiri pima robo na nusu nyingi kadiri uwezavyo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, basi tumia ya kaki. Mfuko wa kaki wa nusu kilo ukunje mdomo mara mbili, bonyeza kwa kucha, kisha uandike kwa kalamu "S½" ya sukari au "M½" ya mchele. Unga usiupakie kwenye karatasi la gazeti. Unavuja kwenye kona na wino unashika. Sukari kwenye unyevu wetu wa Pwani usiipime ya zaidi ya siku mbili, itagandamana na mteja atadhani umempa ya zamani. Mafuta yapime kwenye chupa safi ndogo za ujazo unaouzika zaidi, na mteja arudishe chupa yake.

Nne, sogeza kila kitu mbele. Jicho la mteja linaona pengo kabla halijaona bidhaa. Kama rafu ya unga imebaki na pakiti saba, zipange mstari mmoja mbele, na penye nafasi weka chumvi, viberiti, majani ya chai. Si udanganyifu huo, hukusema una unga wa mwaka. Umezuia tu picha ya rafu tupu isitoke kwako.

Kipimo kwa kila nyumba

Weka kikomo tangu asubuhi, wakati bado unazo nyingi. Kosa la kawaida ni kungoja zibaki chache ndipo uanze kusema mbili mbili. Wakati huo wa kwanza wameshaondoka na beli, na unaowabana ni wale waliochelewa, yaani wale wale wa jioni. Hata wakubwa walifanya hivyo mapema: Australia, mwanzoni mwa Machi 2020, maduka ya Woolworths yaliweka kikomo cha mafurushi manne ya karatasi za chooni kwa kila mteja.

Mimi niliweka pakiti mbili za unga kwa nyumba, kilo mbili za sukari, lita moja ya mafuta. Atakuja mtu abishane. Jibu lako liwe fupi, na la heshima kila siku.

"Mama, nipe beli tatu."

"Mzee wangu, leo kila nyumba pakiti mbili. Kesho uje tena, mzigo unaingia."

"Kwani pesa zangu zina kasoro gani?"

"Hazina kasoro, mzee. Na kesho zitakuwa nzuri vilevile."

Usieleze zaidi ya hapo. Ukianza kueleza habari za wapagazi na wafuaji, umemwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mchoyo, na mzee wa mtaa hasahau jambo kama hilo.

Kikomo kisiwe cha kijinga lakini. Mama wa mahamri huchukua unga wa ngano wa kuuzia, si wa kula. Ukimpa pakiti mbili umefunga biashara yake na umenyima mtaa kifungua kinywa. Yeye mpe kiasi chake cha kila siku, kile unachokijua kwenye daftari, si zaidi. Vivyo hivyo nyumba yenye watu kumi na wawili, na wewe unaijua. Hii ndiyo nafuu ya duka la mtaa: huhitaji kompyuta kujua nani ana watoto wangapi. Unajua pia mtoto anapotumwa mara ya tatu akiwa amevaa kofia ili usimtambue. Huyo mcheke tu, mwambie amsalimie mamake.

Bei

Andika bei, bandika, weka na tarehe. Mzigo wa zamani uuze kwa bei ya zamani mpaka uishe. Mzigo mpya ukija kwa bei ya juu, pandisha kwa kiasi hicho na risiti ya jumla itundike kwenye msumari dirishani, kila mtu aione. Sikuambii uuze kwa hasara. Duka lililofilisika halimlishi mtu.

Ulanguzi una sheria yake. Wiki hiyo ya kwanza Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliiamuru supamaketi moja iwatafute na kuwarudishia pesa wateja iliowauzia sanitaiza kwa bei ya kupandisha. Lakini hata sheria isingekuwapo, hesabu yenyewe haikubali. Ukiongeza shilingi 20 kwenye pakiti 60 umepata 1,200. Nyumba moja ikikuhama kwa hasira, ile ya pakiti kumi kwa mwezi pamoja na sukari yake na sabuni na maziwa, hizo 1,200 zimerudi zilikotoka kabla mwaka haujaisha. Na nyumba haihami peke yake.

Tajiri wa jumla

Piga simu, usivuke. Siku za hofu kivuko kimejaa, mikokoteni haipiti upesi, na ukifika kwenye duka la jumla ukiona wenzako wanapakia kwa fujo, wewe pia utapakia kwa fujo. Mwenye duka naye ana macho, na hofu inamwingia vilevile. Muulize tajiri wako mambo matatu tu: mzigo mwingine unaingia lini, bei ya leo ataishika mpaka lini, na wewe kama mteja wake wa siku zote atakuwekea kiasi gani. Jibu la la tatu ndilo lenye maana. Anayelipa deni lake kwa wakati huwekewa.

Usinunue mzigo wa mwezi kwa bei ya juu, na hasa usinunue kwa mkopo. Kumbuka umekopa mauzo ya wiki ijayo. Nimewaona wenzangu waliojaza stoo wiki ya pili, na wiki ya nne walikuwa wanauza unga chini ya bei ya kununulia ili warudishe pesa za watu.

Pia jifunze kusoma matangazo ya serikali kwa jicho la biashara. Mapema Aprili 2020 ilitangazwa kwamba watu wasiingie wala kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Mtaani ikasomeka "njia zimefungwa, chakula hakiji", na dirisha langu likajaa tena. Tangazo lenyewe lilihusu abiria. Malori ya chakula na mizigo yaliruhusiwa. Ukijua hilo mapema, liandike kwenye lile boksi lako.

Kila ugonjwa una bidhaa yake ya uvumi

Guangdong, Uchina, mwanzoni mwa 2003 ugonjwa wa SARS ulipovuma, watu waligombania siki wakidhani mvuke wake unaua ugonjwa, na bei ikaruka. Huko huko Uchina mwaka 2011, baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima nchini Japani, watu walimaliza chumvi yenye madini ya joto wakidhani inakinga mionzi. Nigeria mwaka 2014, wakati wa Ebola, uvumi uliwafanya watu wanywe na kuoga maji ya chumvi, na wapo waliokufa kwa kuinywa. Hapa kwetu 2020 ulipita ule uvumi wa mtoto mchanga aliyezaliwa akasema watu wanywe chai ya strungi, yaani isiyo na maziwa, na watu waliamshwa usiku na jamaa zao waichemshe. Tangawizi, malimau na vitunguu saumu sina haja ya kusema.

Karatasi za chooni nazo! Hong Kong, Februari 2020, watu wenye visu walimvamia mpeleka mizigo wakaiba karatasi za chooni kama roli 600. Sisi wa Pwani kopo la maji lipo chooni tangu enzi za babu, kwa hiyo hilo lilitupita pembeni, ila niliuza kwa wageni wawili watatu waliokuwa wamekwama huku.

Kanuni yangu kwa bidhaa za uvumi ni hii. Uza ulichonacho kwa bei yake ya siku zote. Usiagize zaidi ya unachouza kwa wiki, kwa sababu uvumi hufa ghafla na malimau hayangoji. Na mdomo wako usiseme kamwe kwamba kitu kinatibu. Mteja akiuliza "Tangawizi hii inasaidia?", sema "Inasaidia kwenye chai." Mwenye duka akisema jambo, mtaani linageuka kuwa la daktari.

Sanitaiza ina hatari yake peke yake. Isiyo na alama ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, au iliyomiminwa kwenye chupa ya soda na kijana mwenye begi, usiipokee hata akupe kwa nusu bei. Kuna spiriti zenye methanoli, nayo ni sumu. Iran, Machi 2020, mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe yenye methanoli wakidhani inakinga korona. Mwenye shilingi chache mwuzie kipande cha sabuni na umwambie ukweli: sabuni na maji, ukisugua vizuri kwa sekunde 20, vinatosha, na watoto wake hawatainywa.

Ndoo na foleni

Ndoo yenye mfereji iweke kabla mteja hajafika dirishani, si chini ya dirisha. Ukiiweka chini ya dirisha, anayenawa na anayelipa wanasimama mahali pamoja. Iwe juu ya kigoda au tairi, mfereji ufike kwenye kiuno cha mtu mzima, na chini uweke beseni, vinginevyo kufika adhuhuri una tope mlangoni. Sabuni ya kuachwa wazi huibwa au huyeyuka. Kata kipande, kitie ndani ya neti ya vitunguu, funga fundo, kisha kining'inize kwa kamba kwenye mfereji. Neti inatoa povu, sabuni inakauka kati ya mtu na mtu, na hakuna anayejisumbua kuiba kipande kilichofungwa. Mtu mmoja apewe kazi ya kujaza maji. Ikiwa ni kazi ya wote, saa nne ndoo ni tupu na inakaa tupu.

Kwa foleni, chora duara za chokaa chini, mita moja na nusu kati ya moja na nyingine. Masika yakianza chokaa itaoshwa, tumia rangi. Wazee na wajawazito wapite mbele, na usimwulize mtu, mwite tu: "Bibi, karibu hapa mbele." Hakuna atakayepinga.

Kafyu ikitangazwa, saa zako zote zinahama. Tarehe 27 Machi 2020 ilipoanza, ilikuwa saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mtu wa kazi alitakiwa awe amevuka na kufika kwake kabla ya saa moja, na jioni ile ya kwanza watu walijazana kivukoni wakipigwa na kurushiwa mabomu ya machozi. Mteja wako wa jioni sasa ana dakika chache na roho juu. Hapo ndipo ile mifuko ya kaki inalipa: anataja, unampa, analipa, anaenda. Mimi unga wa jioni niliusogeza ukaanza saa tisa, na pembeni nikaweka furushi la pamoja: nusu unga, robo sukari, mafuta kidogo, kipande cha sabuni, bei moja ya mkupuo isiyo na chenji. Chenji hupoteza muda kuliko unavyofikiri.

Deni na simu

Malipo ya simu yahimize. Katikati ya Machi 2020 Safaricom iliondoa ada za M-Pesa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000, na hata wazee waliokuwa hawataki kusikia habari za simu walijifunza wiki ile. Ila usiwe mkali na mwenye sarafu. Mwambie aziweke kwenye kikopo, wewe unawe.

Deni ndilo litakalokusumbua baadaye, si siku za hofu. Siku za hofu kila mtu ananunua taslimu. Kisha hoteli za Diani zinafunga, wapishi na wahudumu wanarudishwa nyumbani, nawe unasikia "Niandikie, shangazi" kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuandikwa. Ushauri wangu: kikomo cha deni kiweke kwa bidhaa, si kwa pesa. Nilikopesha unga, mchele, maharagwe, mafuta, sabuni na maziwa ya mtoto. Soda, biskuti, sigara na bando la simu, taslimu. Mtu hawezi kukasirika akinyimwa sigara ya deni huku ameshika unga wa deni. Na majina ya daftari yasisomwe kwa sauti dirishani, hata kwa utani.

Wiki zinazofuata

Dirisha litakuwa kimya, na utadhani umelogwa. Watu wanakula walichonunua. Tumia kimya hicho kufagia stoo na kuangalia tarehe za mwisho.

Wengine watakuja kurudisha. Unga na sukari usipokee, hujui vilikaa wapi. Joto letu na unyevu wa masika havipendi unga wa mahindi, fukusi huingia na ukungu hufuata. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na huo ulikuwa unga wa kiwandani, sembuse uliokaa chini ya kitanda miezi miwili. Anayekwambia akiba haiozi mwonyeshe gunia lake mwenyewe. Kwa anayetaka akiba ya maana, mwelekeze kwenye pojo, maharagwe makavu, mchele na chumvi, kwenye ndoo yenye kifuniko, akiongeza kidogo kila wiki na kula cha zamani kwanza. Sabuni na vitu vilivyofungwa kiwandani pokea ukipenda, umpe bidhaa nyingine badala ya pesa.

Daftari la wiki hizo litunze. Andika kila jioni kilichokwisha kwanza na saa kilipokwisha. Mpox ilipotangazwa nilifungua la 2020 nikaona kwamba kwangu kilichoisha kabla ya unga kilikuwa sabuni ya kipande, kisha maziwa ya unga ya watoto, na ndivyo nilivyoagiza.

Na kama Ramadhani iko karibu, tende ziagize kama kawaida yako, usipunguze. Mwaka 2020 ilianza mwisho wa Aprili, misikiti ikiwa imefungwa na kafyu ikiwa juu yetu, wenye maduka wakasema mwaka huu hakuna futari za kualikana, wakaagiza nusu. Watu walifuturu majumbani, kila nyumba na sahani yake, na tende zikahitajika zaidi ya mwaka wa kabla.